Dari la Mama Mkwe

Ukimpa Pimamaji kiti, umempa adhabu. Atakalia ubavu mmoja, na kabla chai haijapoa atakuwa ameshasimama dirishani, ameshagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ameshakuuliza ni nani aliyekupigia lipu hii na kama bado yuko hai. Jina lake halisi liko kwenye cheti cha ndoa; mtaani walishalisahau. Hili la Pimamaji alilipata siku alipokwenda kuposa, na mimi nasema alilistahili. Watu wazima wameketi, mazungumzo yamefika pazuri, yeye akaiona meza ya mama wa binti imelalia upande. Basi akatoa mfukoni kile kipimo chake kidogo chenye povu linalocheza ndani ya maji, akakiweka juu ya meza ya watu.

"Meza yako imelala, mama," alisema.

Mama wa binti alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Imelala hivyo miaka kumi," alijibu, "na hakuna mgeni aliyewahi kuilalamikia."

Binti alipewa, lakini kwa shingo upande. Tangu hapo ilipita miaka ishirini na miwili. Mama mkwe alikuwa mshonaji, tena mshonaji wa kuogopwa, cherehani yake sebuleni chini ya dirisha na vifungo vimejaa mpaka kwenye makopo ya sukari. Wakwe zake wengine wawili, mmoja karani na mwingine mwalimu, aliwaita "wanangu". Huyu wa tatu alimwita "Fundi". Fundi, hujambo. Fundi, mlango unagoma. Hakukuwa na tusi ndani yake, ila hakukuwa na kitu kingine pia. Pimamaji alijitia hamnazo. Mkewe akimuuliza kama inamuuma, alisema, "Kwani mimi si fundi?" kisha akainuka kwenda kukaza bawaba ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Kazi yake ilikuwa lipu ya saruji kwa miaka mingi, hadi alipokutana na bodi za udongo na kuhamia huko moja kwa moja. Bodi ya udongo si kitu cha ajabu. Ni udongo wa mfinyanzi, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, vimekandwa pamoja, vikatandazwa juu ya wavu wa katani na kukaushwa kivulini bila moto. Ukubwa wake ni kama nusu ya mlango, na uzito wake ni wa mtoto wa darasa la pili asiyetaka kwenda shule. Unaikata kwa msumeno, unaifunga kwa skrubu kwenye fito za mbao, maungio unayafunika kwa ukanda wa wavu, halafu unapaka udongo laini juu mpaka mtu asijue bodi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Hewa ya chumba ikiwa na unyevu mwingi, bodi inaunywa. Hewa ikikauka, inaurudisha. Pimamaji angeweza kukueleza jambo hili kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, amesimama.

Mama mkwe aliliita tope.

Kilichobadilisha mambo ni kifua chake. Chumba chake cha kulala kilikuwa kimepakwa rangi ya mafuta inayong'aa, na kila asubuhi kuta zilitoa jasho. Kwenye pembe za dari kuvu nyeusi ilikuwa imetambaa. Ukiifuta leo, kesho imerudi. Kikohozi kikamkaba, akawa hawezi kumaliza pindo la gauni bila kusimama kuvuta pumzi. Daktari alimwandikia dawa ya kuvuta mdomoni, kisha akamuuliza analala wapi. Aliposikiliza mpaka mwisho akasema, "Mama, ama uhame chumba hicho, ama chumba kibadilike."

"Sihami," alisema mama mkwe, na binti yake akamgeukia mumewe.

Pimamaji alianza nje, kwenye mfereji wa paa uliokuwa ukimwaga maji ukutani, akautengeneza. Kisha akahamisha kitanda, akabomoa dari lililooza, akakwangua rangi yote. Siku ya kupigilia fito alikuwa peke yake, maana Seremala, mwenzake wa kazi, alikuwa amekwenda kuchukua bodi. Peke yake ni namna ya kusema tu. Mama mkwe alileta kiti chake mlangoni, akakaa na sindano yake na gauni la mtu, akazungumza. Alizungumza juu ya karani aliyepandishwa cheo. Alizungumza juu ya mwalimu na mashati yake meupe.

"Na haya matope yako, Fundi, hayataniangukia?"

"Hayaanguki, mama."

"Jirani banda lake la kuku ni la udongo."

"Ndiyo, mama."

"Na lilianguka."

"Ndiyo, mama," alisema Pimamaji, skrubu mdomoni, jasho likimtoka, akipima na kupigilia mbio mbio ili amalize atoke kwenye macho yale.

Kazi yote ilimchukua siku tisa, na ilikuwa nzuri kuliko kazi zake zote. Chumba kilitoka na rangi ya mkate, bila kung'aa, na sauti ndani yake ikawa ya chini, ya kupumzisha. Mama mkwe alilala humo usiku mmoja, hakusema kitu. Akalala wiki nzima, hakusema kitu. Wiki ya pili dawa yake ya kuvuta ilikutwa kwenye droo ya nyuzi, imesahauliwa. Wateja waliokuja kupimwa magauni wakaanza kuingizwa chumbani, futi ikiwa ingali shingoni mwa mwenyeji wao, ili watazame juu. "Hii ni kazi ya fundi wangu," aliwaambia. Mkewe alipomletea habari hizo, Pimamaji alijifanya hajasikia, akamwomba azirudie.

Sasa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu yote yaliyofuata yanatokana na kijiti.

Mafundi wengine hupima kwa futi ya chuma. Pimamaji anapima kwa kijiti, kwa sababu mikono yenye udongo huua futi ndani ya mwezi mmoja, na kwa sababu aliyemfundisha kazi alipima kwa kijiti. Upande mmoja wa kijiti una mikato ya ukuta, kila baada ya sentimita hamsini. Upande wa pili una mikato ya dari, kila baada ya thelathini na tano. Bodi iliyosimama ukutani inajibeba, lakini bodi iliyolala juu ya vichwa vya watu inataka fito zilizokaribiana. Kijiti chake cha zamani kilipakwa rangi nyekundu upande wa dari. Kilivunjika. Akachonga kingine asubuhi ile ile aliyoanza kupigilia fito kwa mama mkwe, na rangi nyekundu hakuwa nayo. Alijiambia kwamba macho yake yanatosha.

Wiki ya saba baada ya kazi ile, yeye na Seremala walikuwa kwenye ofisi moja, wakiandaa dari la chumba cha mikutano. Seremala ni mtu mzima mwenye tumbo kubwa na maneno machache, na machache hayo hayana haraka. Alisimama chini ya ngazi akitafuna karanga.

"Bwana mkubwa," alisema, "leo dari limekuwa ukuta?"

"Unasemaje?"

"Umegeuza kijiti."

Pimamaji alikitazama kijiti mkononi. Kweli, alikuwa amekigeuza. Akacheka, akasema uzee huo, akakigeuza upande wa pili. Kisha kicheko kikamkatikia njiani. Alishuka ngazi polepole, akakaa juu ya mfuko wa udongo, na Seremala, ambaye hajawahi kumwona akikaa saa za kazi, aliacha kutafuna.

"Kule kwa mama mkwe," alisema Pimamaji, "niligeuza au sikugeuza?"

"Mimi nitajuaje? Fito ulipiga mwenyewe."

"Si ulishika bodi wakati nazifunga?"

"Nilizishika kwa kichwa. Macho yalikuwa sakafuni."

Hakukumbuka. Hilo ndilo lililomtesa. Alikumbuka cheo cha karani, mashati ya mwalimu, banda la kuku na siku lilipoanguka. Kila neno alilosema mama mkwe asubuhi ile lilikuwa kichwani limepangwa. Upande wa kijiti haukuwepo. Hata fito zilizosalia hazikumsaidia, maana zilishakuwa rafu ya vitabu vya mwanawe. Na mvua zilikuwa zinakaribia. Bodi ya udongo hunywa unyevu, ndiyo sifa yake, na kila inachokunywa kinageuka uzito. Dari lililofungwa vibaya linaweza kuvumilia miezi ya kiangazi halafu likachoka katikati ya mvua, na chini yake palikuwa na kitanda cha mwanamke wa miaka sabini na mmoja.

Kuanzia siku hiyo hakutulia, na mtu asiyetulia tangu azaliwe akizidisha, nyumba nzima inajua. Alimwaga chai. Aliweka chumvi mara mbili kwenye chakula kisicho chake. Alikaza bawaba zote nyumbani kwake, akaenda kwa jirani kukaza za jirani. Wingu likipita alitoka nje kulitazama, likiondoka alirudi ndani, akakaa, akainuka.

Na alianza kwenda kwa mama mkwe.

"Nilikuwa napita," alisema mara ya kwanza. Mara ya pili alisema vivyo hivyo. Mara ya tano hata yeye aliona aibu, maana nyumba ile haikuwa njiani kwenda popote. Mama mkwe alimpa kiti na chai, na Pimamaji alikaa ubavu mmoja, jicho kwenye mlango wa chumba cha kulala, ambao ulikuwa umefungwa. Chumba kilipokuwa kazi, aliingia na kutoka humo na viatu vyenye udongo. Tangu kitanda kirudi, kilikuwa chumba cha mama mkwe, na hakuna mkwe mwenye akili timamu anayeomba kuingia humo. Alibaki kutega sikio. Bodi inayolegea hutoa mlio mdogo, kama mtu anayekanyaga mchanga. Lakini atasikiaje, na cherehani inanguruma?

"Unalala vizuri, mama?"

"Nalala."

"Husikii kitu juu?"

"Kitu gani?"

"Panya, labda."

"Fundi, umefunga dari hata mende hapiti. Kunywa chai yako."

Siku zilivyoendelea, chai ilianza kuletwa na kisahani. Halafu ikaletwa na maandazi. Mama mkwe alianza kumsimulia mambo ambayo mkewe mwenyewe hakuwahi kuyasikia, ya baba yake, ya cherehani ya kwanza aliyoinunua, ya mimba iliyoharibika kabla ya binti wa pili. Alizungumza huku akishona, bila kuinua kichwa, na Pimamaji akaitikia "Naam, mama", masikio yote mawili yakiwa darini. Nikifikiria hapo ndipo ninapomkasirikia. Mwanamke anakufungulia moyo, wewe unasikiliza skrubu.

Jumapili moja alimkuta amekunja kitu juu ya meza, ile ile iliyolala. Lilikuwa shati la kazi, kitambaa kizito, na upande wa kifua mfuko mrefu mwembamba uliopigwa mishono mitatu.

"Mfuko wako unachanika kila siku kwa hicho kipimo chako," alisema mama mkwe. "Huo hauchaniki. Nimeupima kwa macho, ujaribu."

Pimamaji alitumbukiza kipimo chake ndani. Kiliingia sawasawa, wala hakikucheza. Alisema asante, akakitoa, akakirudisha tena. Alirudi nyumbani kwa miguu, shati mkononi, na alipofika alimwambia mkewe kila kitu.

Mkewe alimsikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza, alimuuliza swali moja tu. "Umejua tangu lini?"

"Sijajua bado. Ndiyo maana..."

"Umeshuku tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu mama yangu analala chini ya kitu usichokijua, wewe unakunywa chai." Alivaa viatu. "Kitapimwaje?"

Dari lilipimwa kwa sumaku. Skrubu ni chuma na udongo si chuma, kwa hiyo sumaku ikipita chini ya dari hushtuka kila inapokutana na mstari wa fito. Pimamaji aliifunga sumaku kwenye mpini wa fagio, akamwonyesha mkewe jinsi ya kuipitisha, akampa futi ya kushonea iliyokuwa kabatini mwao. Binti anaweza kuingia chumbani kwa mama yake na fagio, hakuna atakayemuuliza. Wakarudi pamoja, jua likiwa bado kali.

"Mama, naona utando kwenye pembe," alisema binti, akapita na fagio lake.

Pimamaji alibaki sebuleni, amekaa, mikono magotini. Mama mkwe alimuuliza kama shati limemkaa vizuri begani. Alisema limemkaa. Akamuuliza kama mikono ni mirefu. Alisema hapana, yaani ndiyo, yaani iko sawa. Kule chumbani alisikia mpini ukigusa dari, tik, kimya kirefu, tik. Kimya kilikuwa kirefu mno. Kisha mkewe akatokea mlangoni.

Aliinua futi kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mama yake, kidole gumba kimebana kwenye namba, na Pimamaji aliisoma kutoka kwenye kiti. Hamsini.

Mama mkwe aligeuka, akamtazama bintiye, akatazama futi, akamtazama mkwewe.

"Mnapimana nini nyumbani kwangu?"

Pimamaji alisimama. Alikuwa ametunga maneno njiani, mazuri, yenye mwanzo na mwisho, na yote yalimkimbia. "Nilikosea dari, mama," alisema. "Fito zimeachana mno. Nilitumia vipimo vya ukuta. Linaweza kukaa, na linaweza kuanguka. Usilale humo leo."

Mama mkwe aligeuka akautazama mlango wa chumba chake.

"Nimewaonyesha wateja wangu wote," alisema mama mkwe.

"Najua."

"Na kule kuja kwako kote," alisema, sasa polepole, akiokota sindano iliyoanguka mapajani. "Siku zote zile. Ulikuwa unakuja kuliona dari?"

Uongo ulikuwa karibu, tena ulikuwa wa heshima, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimwangalia mkewe, mkewe akaangalia sakafu.

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe alitikisa kichwa, mara moja. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Pimamaji alitaka kupiga kelele kwamba asikae chini ya dari lile. Alimsikia akisogeza kitu. Alipotoka alikuwa amebeba mto na shuka, akavitupa kwenye kochi, kisha akatoa kwenye droo kile kijembe kidogo cha kufumulia mishono, akakiweka mezani mbele ya mkwewe.

"Unakijua hiki?"

"Cha kufumulia."

"Nimefumua magauni ya maharusi asubuhi ya harusi, bibi harusi analia hapo ulipo, magari yanapiga honi. Mshono ukiwa mbaya unafumua. Hiyo ndiyo kazi." Alivuta pumzi, kifua chake kilikuwa kizuri, pumzi ilikuwa ya hasira tu. "Moja sikufumua. Mshono wa ubavuni, niliuona umechoka. Lakini mwenyewe alisimama mbele ya kioo akanisifu, akanisifu, na mimi nikanyamaza. Likachanika mbele ya watu, kuanzia kwapa mpaka kiunoni. Ana nyumba barabara ya pili. Mpaka leo nikifika kwake navuka upande wa pili."

Mama mkwe alikirudisha kijembe kwenye droo.

"Wiki tatu umekuja hapa ukanyamaza," alisema. "Mimi nimenyamaza miaka kumi na sita. Kesho saa ngapi unaanza?"

"Saa moja, mama."

"Njoo saa kumi na mbili," alisema mama mkwe, akarudi kwenye cherehani yake. Hakumwita Fundi. Hakumwita chochote.

Walibomoa asubuhi, yeye na Seremala. Bodi za pembeni zilishuka kwa shida, kazi nzuri haikubali kuvunjwa. Lakini ile iliyokuwa juu ya mto ilikuwa imeshaning'inia katikati kwa unene wa kidole, na skrubu zake mbili Seremala alizitoa kwa mkono, bila bisibisi. Aliziweka kwenye kiganja, akazitazama, akampa mwenzake. Pimamaji alizitia mfukoni, akaenda nje kidogo.

Mama mkwe alikuwa ameleta kiti chake mlangoni kama mara ya kwanza, ila safari hii alikaa kimya kabisa. Alitazama bodi zilizovunjika zikitumbukizwa kwenye pipa la maji uani, na baada ya muda akainuka akaenda kuchungulia. Dari lake lilikuwa linayeyuka. Kingo zilikuwa zimeshakuwa laini, majani makavu yakielea.

"Mnalitupa?"

"Hatutupi, mama. Udongo haujachomwa, kwa hiyo haujafa. Kesho utakuwa uji mzito, tutaupaka tena juu, pale pale."

Alitia mkono ndani ya pipa mpaka kwenye kifundo, mkono ule wa kushona ambao kwa miaka ishirini na miwili haukutaka hata kugusa koleo lake. Alikamata donge, likamtoka kati ya vidole.

"Kitambaa kingekuwa hivi," alisema, "ningekuwa nimelala usingizi maisha yangu yote."

Kabla fito mpya hazijapigiliwa aliomba apewe kijiti. Alikigeuza, akauliza upande wa dari ni upi, akaonyeshwa. Alichomoa uzi mwekundu kwenye kopo lake, akauzungusha upande ule mara nyingi, akaukaza kwa fundo ambalo halifunguki, na ncha akaikata kwa meno. Kisha akarudi kwenye kiti. Kila fito ilipopandishwa, mkwewe aligeuka akamwonyesha uzi, naye akaitikia kwa kichwa ndipo skrubu ikaingia. Seremala alisema baadaye kwamba hajawahi kufanya kazi chini ya msimamizi mkali namna ile. Dari lilikwisha, likapakwa, likakauka. Kitanda kilirudi. Pimamaji alikusanya vyombo vyake, akaaga, akaondoka, na hakupata jibu zaidi ya "Haya."

Mvua zilinyesha. Zilinyesha wiki nzima mfululizo, na Pimamaji alikuwa hana sababu ya kwenda kule. Dari lilikuwa salama, alilijua kama anavyojua jina lake. Hata hivyo hakutulia. Alikaza bawaba. Alitoka kibarazani, akarudi. Mkewe alimwambia, "Una nini tena? Si umelirekebisha?" Alisema hajui, na alikuwa mkweli, ilimchukua siku mbili kujua.

Siku ya tatu, mchana, alivaa shati lile la mfuko mrefu, akatoka na mwavuli. Alipiga hodi, akakaribishwa. Mama mkwe alikuwa anatia pindo, miwani puani.

"Umekuja kupima nini?"

"Sijaja kupima, mama."

Aliinua macho kutoka kwenye kitambaa. Aliutazama uso wake, kisha akautazama mfuko wa shati. Ulikuwa mtupu, umelala bapa kifuani.

"Nimekuja kukuona," alisema Pimamaji.

Mama mkwe alisogeza kwa mguu kiti kilichokuwa karibu na cherehani, kile chenye mto, akarudi kwenye pindo lake. Pimamaji alikaa. Alikaa kwa makalio yote mawili, mgongo ukagusa kiti. Mbele yake palikuwa na meza iliyolala upande, kikombe juu yake, chai ikiwa imeinamia ukingo mmoja, na hakuigusa. Mvua ilipiga paa, cherehani ikaenda na kusimama, ikaenda na kusimama. Baada ya muda alimwomba amsimulie tena habari ya ile cherehani ya kwanza, kwa sababu mara ile hakuisikia vizuri. Mama mkwe alimtazama juu ya miwani. Kisha akamsimulia, tangu mwanzo, na yeye akasikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulipofika macho yake yalikuwa yamefumbwa na kichwa kimeegemea ukuta.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa Seremala, ameloa, anamtafuta mwenzake kwa ajili ya ufunguo wa stoo, na sauti yake ilianza kuingia kabla ya tumbo lake.

"Polepole," mama mkwe alimkatiza, kwa sauti ya chini. "Mwanangu amelala."

Hakuwa amelala. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali yake, angeweza kuutoa bila hata kuinuka. Mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi, na pua ilimwasha. Hakutikisika.